Akiba Iliyooza

Kisiwa cha Kanhawan,
Samar.
11 Februari, 1996

Mpendwa mdogo wangu Nimfa,

Pokea salamu zangu za upendo kutoka hapa nyumbani. Hujambo? Ule mguu uliokuwa unakuvimba kwa kusimama jikoni kwa watu kutwa nzima, umepungua? Na baridi ya Hong Kong inakufanyaje mwezi huu? Mimi sijambo, kwa maana ya kwamba natembea na ninapika. Presha inapanda na kushuka yenyewe, nimeshaacha kugombana nayo.

Mjukuu wako ni mzima. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta humu kabla ya jingine lolote. Ananyonyeshwa na Delia, mkwe wa mkunga Patring, ambaye ana mtoto wa umri uleule na maziwa ya kumwaga. Delia akiwa shambani nampa ya kopo kwa kijiko. Ana masikio ya marehemu baba yetu, yamesimama kama vishikio vya sufuria. Nilipoyaona nilicheka, halafu nikalia.

Telegramu yako niliipata. Ilikuwa na maneno matatu tu: ANSELMO ASIMGUSE MTOTO. Aliyeileta hakunikuta, akamkabidhi Anselmo mume wangu, kwa hiyo aliyeisoma kwanza ni yeye mwenyewe. Aliikunja, akaitia mfukoni, akaenda kukaa nje. Tangu siku hiyo hajamgusa mtoto hata kwa ncha ya kidole. Ndiyo sababu ya barua hii, Nimfa. Nataka uyatengue maneno yako. Lakini kwanza ujue mambo yalivyokuwa, maana walionitangulia kukuandikia wametia chumvi yao.

Ile boti ya wagonjwa unaikumbuka, na pipa la petroli lililoletwa pamoja nayo. Walinzi wa mwanzo unawajua pia. Petroli ilikwenda kwenye mapambano ya majogoo, nyingine ikauzwa mlangoni kwenye chupa za soda, na mgonjwa akifika pipa ni tupu. Ulipoondoka watu walikuwa wamechoka. Pipa lilipojazwa upya ukaitishwa mkutano, akachaguliwa Anselmo bila kupingwa. Mwenyekiti alisema, "Huyu hata tembo la msibani huuliza kwanza kama na yeye kawekewa." Watu wakacheka. Bebang, jirani yetu, akapaza sauti kutoka nyuma: "Haya shemeji, pua zetu ziko wazi! Tukikukuta unanuka petroli tu, tunajua umekula!"

Wewe ungecheka ukasahau. Anselmo hakusahau. Alijaza tangi la boti, akaifunika kwa turubai, akatia pipa kufuli na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na msalaba wake. Boti hakuiwasha hata mara moja, kwa kuogopa kupunguza. Na ikawa kwamba muda wote huo hakuna aliyeihitaji. Wazee waliokufa walikufa kitandani kwao bila kusumbua mtu. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia, pipa limejaa vilevile, na kila mtu anamsifu. Kusema kweli na mimi nilikuwa najivuna nikienda kuteka maji.

Kisha alikuja fundi Isko wa ng'ambo kutengeneza mashine ya kukoboa mpunga. Alikula kwetu. Baada ya kula akataka kuliona hilo pipa maarufu, Anselmo akamfungulia. Isko aliinama, akainuka upesi.

"Kaka, hii imekaa mno. Petroli nayo huzeeka. Wape wenye malori kule ng'ambo, waichanganye kidogo kidogo na mpya, ninyi mnunue nyingine. Na ile ya kwenye boti itoe yote. Injini usiiache na petroli tumboni bila kuiwasha."

"Niwape wenye malori? Kesho nitaambiwa nimeuza."

"Si utamwambia mwenyekiti?"

"Mwenyekiti ni mmoja, midomo ni mingi. Halafu, akiba haiozi, fundi."

"Hii inaoza. Njoo unuse."

Hakunusa. Nilikuwa pale pale nakusanya sahani. Alirudisha kifuniko, akafunga kufuli, akauliza habari za bei ya mpunga. Hasira yangu kwa mume wangu imesimama hapo, na sikufichi: mtu anaambiwa nusa, anakataa kunusa. Tumeishi miaka mingi na sijawahi kumwona akiogopa kitu, kumbe alikuwa anaogopa maneno ya Bebang.

Sasa siku yenyewe. Mwanao Merlita alianza kuumwa uchungu asubuhi, wanaume wenye boti wakiwa wote wameshatoka kuvua. Patring alimpima, akanivuta pembeni akaniambia damu imetangulia mtoto na hiyo si kazi yake, apelekwe hospitali mara moja. Baba wa mtoto ndiyo hivyo, tangu apande meli huko Cebu hajulikani aliko. Nikamwita Anselmo.

Alikuja mbio, Nimfa, na uso wake ulikuwa unang'aa. Lazima nikuambie hilo. Siku aliyoingoja ilikuwa imefika. Alimbeba mwanao mikononi mpaka ufukweni, huku anamwambia, "Usiogope mwanangu, petroli ipo. Hakuna aliyegusa hata tone."

Injini ilikataa, ikakataa, kisha ikawaka kwa moshi mwingi. Tukaondoka: mimi, Patring, mumewe Tonyo, Anselmo kwenye injini na Merlita kichwa chake pajani pangu. Bahari ilikuwa tulivu. Hapo katikati, ambapo unapaona nyumbani na ng'ambo unapaona pia, injini ikaanza kukohoa. Ikazima. Anselmo akavuta kamba, akafungua plagi akaifuta, akavuta tena. Alivuta mpaka ngozi ya viganja ikabanduka na kamba ikawa nyekundu, na ile injini haikutoa hata mlio wa kudanganya.

Merlita akafungua macho akamtazama. "Baba mkubwa," akasema, "si wewe uliyeitunza? Mbona haina adabu?"

Alikuwa anamtania. Unamjua mwanao, hata akiwa taabani ulimi wake haulali. Anselmo aling'oa ubao wa kukalia, yeye na Tonyo wakapiga makasia, na mkondo ukawa unaturudisha nyuma. Mtoto alizaliwa humo humo kwenye boti na akalia vizuri, lakini damu ya mama yake haikukata. Patring alifanya kila alichokijua. Merlita aliniuliza ni mvulana au msichana, nikamwambia ni mvulana. Akasema, "Mama asiambiwe leo, leo yuko kazini." Baada ya hapo hakusema tena. Tulipofika ufukweni, manesi walikuja na machela wakarudi nayo polepole.

Alikufa mikononi mwangu, mdogo wangu, hakufa peke yake. Nimemwosha mimi, nimemvika lile gauni la samawati ulilomletea. Sala za siku tisa zilitimia zote na watu hawakupungua hata siku moja.

Fundi Isko ndiye aliyeifungua injini. Kabureta ilikuwa imeziba kwa uchafu wa kunata kama gundi iliyolala, na petroli iliyotoka tangini ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, na harufu ya rangi ya mbao. Hakumsema Anselmo neno. Alisafisha, akapakia lile pipa akaenda nalo ng'ambo ili lisije likamwagwa karibu na kisima. Siku hizi boti ina mlinzi mwingine. Huwashwa kila Jumamosi na petroli yake hubadilishwa, na watu husimama kutazama wakisema hivi ndivyo inavyotakiwa, utadhani walilijua hilo tangu kuzaliwa.

Na midomo ni ile ile. Bebang yule yule aliyesema atamnusa, juzi amesema kisimani nikimsikia: "Mlinzi gani huyo! Analinda mpaka watu wanakufa!" Nilimwambia, "Bebang, siku ile ungemkuta ananuka petroli ungempa pongezi?" Akajitwika ndoo yake akaenda. Najua ndiye aliyekuandikia, mwandiko wake nimeuona juu ya bahasha zenye jina lako. Simlaumu kwa kukupa habari. Namlaumu kwa kuandika, kama anavyosema kisimani, kwamba Anselmo alikataa kutoa petroli. Hakukataa. Aliitoa yote aliyokuwa nayo, na ilikuwa imekufa.

Sikuambii kwamba hana kosa. Analo, na analijua kuliko wewe na mimi. Hali wali wake, mpaka nimkalie mbele. Viganja vimepona vibaya, vimekaza, hawezi kufumba ngumi. Lakini kinachonitisha si hicho.

Alhamisi nilikwenda kufua chemchemini. Mtoto nilimwacha amelala kwenye bembea ya shuka, mle ndani, na Anselmo nje ya mlango kama kawaida yake. Fundo la shuka nililifunga mwenyewe na halikushika. Niliposikia naitwa niliacha nguo kwenye maji. Jina langu lilikuwa linaitwa kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mume wangu. Niliingia nikamkuta mtoto chini, juu ya sakafu ya mianzi, amejikunja ndani ya shuka, analia mpaka amegeuka rangi. Anselmo alikuwa amepiga magoti ubavuni pake. Mikono ameishika nyuma, mmoja umekamata mwingine. Shuka ilikuwa imemfunika mtoto uso, na Anselmo alikuwa ameivuta kwa meno ili mtoto apate pumzi. Pindo lilikuwa bado limemning'inia mdomoni.

Nilimwinua mtoto. Alikuwa na nundu ndogo kwenye paji la uso, basi, imeshanywea. Nikamgeukia huyu mwingine nikampigia kelele: "Una wazimu? Kwa nini usimwinue?"

Akatema lile pindo. "Nimfa hajasema," akanijibu.

Niliketi chini na mtoto wangu na mwendawazimu wangu, tukalia wote watatu. Ameambiwa asiguse, kwa hiyo hatagusa. Mimi nikimwambia aguse haisaidii, nimejaribu kwa maneno mazuri na kwa matusi. Neno lako amelifungia kufuli. Nina miaka yangu, Nimfa, nina presha, na kuna siku nitaitwa kwa sauti ile nami nitakuwa mbali zaidi ya chemchemi.

Siombi umsamehe. Nisingeweza kukuomba hilo, na mimi mwenyewe bado sijamaliza kumsamehe. Ukitaka usizungumze naye mpaka kufa, sawa, nami nitaikaribisha chuki yako kama mgeni na kuipikia. Naomba umruhusu tu kumwinua mtoto akianguka. Iandike kwa mkono wako, na umtaje kwa jina, maana akiiona ya mtu mwingine hataiamini.

Barua hii ninampa Perla anayerudi kazini huko, naye anakuja tena wakati wa Pasaka. Usimwache aje mikono mitupu. Ubatizo tumeusogeza mbele mpaka uchague jina. Kwa sasa tunamwita Dodong tu kama watoto wote.

Patring na Tonyo wanakupa pole, na Delia anasema usiwe na wasiwasi wa maziwa. Shangazi Consing amekuombea rozari na anauliza kama huko kuna kanisa karibu na unapokaa. Msalimie huyo mtoto wa wenyewe unayemlea, maana naye hana kosa. Mungu akukinge na baridi, akupe usingizi, na akurudishe ukiwa mzima uje kuyaona haya masikio.

Anselmo hakusalimu. Nilimuuliza nimwandikie nini, akasema hana ruhusa.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda leo kama nilipokuwa nakubeba mgongoni,

Teodora