Chumba Tunachokiita Stoo

Jumanne. Mawingu yalikuja asubuhi, yakatutania, yakaondoka. Joto la Oktoba hapa Tabora linatosha kumkasirisha mtu, na mimi leo sikuhitaji msaada.

Wamepiga X kwenye ukuta wa chumba cha uani. Nyekundu, kubwa, rangi bado inachuruzika. Maana yake kibomolewe.

Huku mtaani kwetu Gongoni karibu kila nyumba ina vyumba vya uani. Tunavyoambiwa, kibali ni cha nyumba moja kwa kiwanja, na nyuma jiko, choo na stoo. Basi watu wote hujenga stoo. Stoo zenye madirisha, mapazia na antena. Yetu aliijenga marehemu baba, na humo anaishi Mama Kulwa, mjane kutoka Bukene, anayeuza vitumbua sokoni. Mjini hapati chumba kingine kwa kodi anayoiweza. Akihamia pembezoni, alfajiri atafikaje sokoni na ndoo ya unga kichwani?

Tulijiandaa, jamani. Niliposikia wakaguzi wa manispaa wako mtaani, niliweka gunia la mahindi mlangoni, majembe, na baiskeli mbovu. Nikamwambia Mama Kulwa akiulizwa aseme ni stoo, amekuja kuchota mahindi. Akaitikia vizuri tu.

Mkaguzi akaingia. Kijana mstaarabu, sijui nani kamlea. Akavua kofia, akainama kidogo, akampa mama wa watu shikamoo.

Kwisha habari yetu.

Mama Kulwa amwache mgeni aliyemwamkia vile asimame juani? Alilisogeza gunia kwa mikono yake mwenyewe. Akatoa maji ya kunywa na karanga za kuchemsha. "Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, hapa ndipo kwangu. Kaa hata kitandani."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kijana alikaa, akala karanga, akashukuru, akatoka kupiga X yake. Nikamuuliza kwa hasira yeye mwenyewe amepanga wapi. Akaitazama brashi. Akasema amepanga uani kwa watu, ng'ambo ya reli.

Sasa hapa tunamdanganya nani? Vyumba vipo na watu wamo. Muuguzi yuko uani, fundi yuko uani, na anayekuja kutubomolea naye yuko uani. Si waje wapime, waseme dirisha liwe hivi, choo kiwe vile, watupe kibali tuishi kwa amani? Hapana. Tuendelee kuficha vitanda nyuma ya magunia, watu wazima na akili zetu. Nimechoka, kichwa kinaniuma.

Na kwa uchovu huo nikamgombeza Mama Kulwa. Nikamuuliza kilimshinda nini kusema neno moja, stoo. Alikuwa ameshaanza kukunja nguo zake kwenye kanga. Hakunilaumu kwa lolote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Ningemwambia nini, mwanangu?" akasema. "Kwamba sina kwangu?"

Nimemwomba asifunge mizigo kwanza.

Kesho nakwenda manispaa kuomba kibali, na mchoro wa safari hii hautakuwa na stoo. Utakuwa na chumba cha kulala. Wakikataa, wanikatalie hicho hicho, na Mama Kulwa akiwa amekaa pembeni yangu.