Aliyoyasema Kukhu Mzee Alipotoka

Kitale, Jumanne 14 Juni 2005

Ati chuo kilinituma Misikhu kumsikiliza mwanamke! Kila nilipomuuliza Kukhu (yaani nyanya) Nasimiyu kuhusu maisha yake wakati wa kupigana na wakoloni, mumewe, Mzee Wafula, alijibu yeye. Yeye msituni, yeye na mkuki, yeye na risasi zilizomkosa.

Mwishowe nikamwomba akaniitie shahidi, rafiki yake wa ng'ambo ya mto. Nilijua ni mbali. Akashika bakora, akatoka.

Kukhu akacheka mpaka machozi. "Msitu gani? Huyo alikuwa ndani ya ghala langu, chini ya mtama, siku tatu. Mimi ndiye niliyepeleka chakula msituni. Askari wakanishika, wakanichapa, nikanyamaza."

Akanionyesha kovu begani. Hapo sikucheka tena.

"Andika yote, mjukuu wangu, lakini usimsomee huyu nikiwa hai."

Nimeahidi. Sasa chuoni nitawaambia nini, sijui.

Mzee akarudi akihema, bila shahidi. "Amekuambia nini?"

"Amesema askari hawakukuona hata mara moja."

Akatabasamu kwa fahari. Kukhu akakimbilia jikoni, leso mdomoni.