Baba yake Divine kaniuliza kama nina bibi

Jumapili, Gitega

Na sasa Muyinga nzima itajua.

Leo Divine alinipeleka kwa wazazi wake, kule Muyinga. Divine, ambaye wakubwa wa ofisini kwake wanapigana vikumbo kumsalimia, na mimi fundi viatu. Sijui ananipendea nini. Naogopa kumuuliza, asije akaanza kufikiria.

Baba yake alinitazama kwanza, halafu akauliza, "We kijana, uko na bibi?"

Nilifurahi kupata swali rahisi. "Ndiyo mzee, yuko Makebuko. Nampenda sana. Nikienda namkanda miguu."

"Na Divine anajua?"

"Wanapendana mno! Juzi walilala kitanda kimoja."

Mzee akasimama. Mama akaweka sahani chini. Divine alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Papa, huyu amekulia Tanzania! Kule bibi ni mama ya mama. Mke hana!"

Nilitamani kurudi Tanzania kwa miguu. Lakini mzee alikaa, kisha akaniongezea nyama.

Divine alinisindikiza kwenye mabasi, akanishika mkono mbele ya soko zima. Niligeuka haraka kuangalia kama nyuma yangu amesimama mwanamume mwingine.

Hakuwepo.