Wa Mwisho Mezani

12 Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na Mama. Miguu yake inaendeleaje? Mimi mwili mzima, roho ndiyo ilikuwa inachechemea. Mtihani wa kwanza wa hesabu nilipata kumi na moja kwa mia. Nikafunga begi nirudi nyumbani.

Mhadhiri mmoja, mama mfupi mwenye sauti ya mnadani, alinikuta kwenye ngazi. Akasema, "Begi hilo unalipeleka wapi? Lirudishe, kisha njoo chumba namba tisa."

Huko ndiko liliko Duara. Chuo kimetukusanya watu kumi na wawili ambao kwao hakuna aliyewahi kufika chuo. Tunasoma vipindi vyote pamoja, halafu tunazunguka meza moja. Sheria ni hii: hakuna kugeuza ukurasa mpaka wa mwisho aseme "nimeelewa." Wiki nzima wa mwisho nilikuwa mimi. Waliningoja, Dada, na hakuna aliyeguna.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu, Bwana Maswali,

Hatujambo. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula au unameza vitabu tu. Miguu bado inavimba.

Kumi na moja! Na mimi niliyeacha shule kidato cha pili nilikuwa napata tisini. Nakutania, usinune. Hapa kwenye kufulia mashuka ya hospitali tumeletewa mashine mpya ya kukamua. Inatetemeka mpaka inatembea, tunaikalia watu wawili.

Nina swali, nawe usinicheke. Hilo Duara linapokea mtu wa miaka thelathini na moja? Niulizie. Kuuliza si ujinga.

Dada yako

20 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama. Mimi sijambo kabisa. Sasa napata sabini! Juzi wenzangu walikwama kwenye vipeo, mbili kujizidisha yenyewe, nikavua shuka la kitandani nikalikunja mbele yao: mara moja, tabaka mbili, mara mbili, nne, mara tatu, nane, mara tano, thelathini na mbili. Wote wakasema "nimeelewa" kwa pamoja. Siku hizi wananiita Profesa wa Mashuka.

Lile swali lako nitauliza. Kazi zimenibana.

Mdogo wako

9 Agosti

Mdogo wangu,

U hali gani? Sisi tunasukuma siku. Mama sasa namshika mkono hata kwenda uani.

Profesa wa Mashuka! Nimecheka mpaka msimamizi akaja kuangalia. Uliwaambia nani alikukunjia shuka hilo sebuleni, ulipokuwa unalia na daftari lako?

Muuguzi mmoja ameniazima kitabu cha hesabu cha kidato cha tatu. Nafanya maswali mawili kila mapumziko ya chai. Umeuliza?

Dada yako

15 Januari

Dada,

Najua nimekaa kimya miezi mitano. Sina uso wa kukusalimu, lakini nakusalimu. Mama hajambo?

Niliuliza. Nilijibiwa siku ile ile, mwezi wa Agosti. Kumbe Duara lina desturi: kila mwaka unapoisha, kila mmoja wetu anapewa kadi, anaandika jina la mtu mmoja wa kwao aliyekosa nafasi. Umri si kitu, cheti si kitu. Desemba Mhadhiri alinipa yangu akasema, "Wewe najua utamwandika nani."

Niliirudisha tupu.

Shuka niliwaambia nimelibuni mwenyewe. Ungekuja, ungekaa kwenye meza ile, na ndani ya wiki moja wangejua profesa ni nani. Ungenipita, Dada, kama ulivyokuwa unanipita siku zote. Niliona haya, nikajiambia mwakani nitaandika.

Mwakani hakuna tena. Chuo kimelivunja Duara. Wanasema kila mwanafunzi ajitegemee. Wale kumi na mmoja walioandikwa kwenye kadi walipokelewa chuoni kabla ya mlango kufungwa. Kiti cha kumi na mbili kilikaa wazi. Leo nimepita chumba namba tisa, wamepanga humo viti vibovu mpaka kwenye dari.

Nisamehe. Nimewaeleza wenzangu ukweli, lakini umekusaidia nini wewe?

Mdogo wako

28 Mei

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mama hatembei tena, ila anakula vizuri na anakuulizia. Sijamwambia.

Barua yako niliisomea kazini. Mara ya kwanza nilidhani nimeruka mstari. Mara ya pili nililia, mvuke wa pasi ukanisitiri, wenzangu hawakujua. Kisha nikaiweka chini ya godoro, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Nilikuwa na hasira nawe. Bado ninayo kidogo, sitakudanganya.

Uchungu wangu si chuo. Mimi nilikulea nikijua utanipita, na nikafurahi. Kumbe wewe ulikuwa unaniogopa.

Kitabu nimekirudisha kwa muuguzi. Nilikuwa nimefika ukurasa wa mia moja na nne.

Usiache kusoma kwa sababu yangu, wala usiniandikie tena kuomba radhi. Mlikuwa na sheria nzuri kwenye meza yenu, nami naiheshimu. Barua yako niliisoma jana kwa mara ya tatu, polepole, mpaka mwisho.

Nimeelewa. Geuza ukurasa.

Dada yako