Jumamosi Yako Nimeiandika kwa Wino

Zuhura mwanangu,

Marahaba, maana najua umesema shikamoo hata kabla hujaanza kusoma. Huku Lushoto baridi ni kali. Ukungu unaingia mpaka ndani ya ukumbi wa semina, na sisi akina mama wajasiriamali tumejitanda kanga mbilimbili.

Leo mwalimu alitugawia penseli tuchore wiki zetu, kila saa na kazi yake. Nikajaza haraka, nikajiona mjanja: kushona, kufuata vitambaa, kupeleka sare shuleni, kushona tena. Aliyeketi kando yangu, Bi Mwanaisha wa Gare anayeuza mtindi, aliweka penseli pembeni akaomba kalamu ya wino. Akaandika kwanza, "Ijumaa alasiri, kukaa na mama." Mtindi akaupanga kwenye nafasi zilizobaki.

Mwalimu akamuuliza, "Na wateja wakija saa hiyo?"

"Watatukuta tumekaa," akasema. "Watakunywa chai, mtindi wataufuata kesho."

Tukacheka sote. Kisha nikaitazama karatasi yangu, nikakutafuta kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili. Hukuwemo, mwanangu. Nikakumbuka kwamba tangu ninunue cherehani ya pili, nywele zako anazisuka Mama Rehema wa jirani.

Nimefuta kushona kwa Jumamosi alasiri, na palepale nimeandika jina lako kwa kalamu ya Bi Mwanaisha. Mwambie Mama Rehema namshukuru sana, lakini wiki hii asikiguse hicho kichwa. Wewe fumua, tafuta kitana, unisubiri kibarazani.

Mama yako