Jina Ambalo Halikusomwa

Marahaba, mjukuu wangu Salma. Barua yako ya Dodoma imefika. Sie huku Buguruni wazima, na babu yako bado anagombana na redio.

Unauliza kuandamana bila kurusha hata jiwe kunasaidia nini. Nilikuwa na umri kama wako polisi walipomchukua kaka yangu Hamisi kwa kuuliza swali mkutanoni. Kituoni wakatuambia hawamjui. Basi mama yangu na wenzake, ambao wana wao walichukuliwa pia, wakakaa chini mbele ya geti, nami nikiwemo.

Siku ya pili askari walitoka na virungu. Mmoja akampiga Mama begani. Nikaokota jiwe.

"Litupe, Zuhura," akasema taratibu. "Ukilirusha tu wamepata sababu, na Hamisi hatumwoni tena."

Nikaliachia. Yule askari akainua kirungu tena, akawatazama kina mama waliobaki wamekaa, akakishusha. Wauza samaki waliokuwa wakitutazama kwa mbali wakaja kukaa nasi mmoja mmoja, mpaka njia ikaziba. Alasiri mkuu wa kituo akatoka, akasoma majina ya waliomo ndani. Hamisi alikuwemo.

Kesho yake asubuhi Mama akabeba mkeka. Nikamuuliza anakwenda wapi, na Hamisi keshajulikana alipo.

"Mtoto wa jirani yetu Asha hajasomwa jina," akasema, akatoka.

Nikajitanda kanga, nikamfuata.

Bibi yako anayekuombea kila swala,
Zuhura