Mwanamke Asiyetoa Shauri

Kindu, 4 Machi 1974

Baba mpendwa,

Nakusalimu sana. Kifua kimepona? Okito wa treni ameniambia bado unakohoa. Sisi tunakula, lakini Mama hajasema neno tangu tulipomzika mdogo wangu. Wiki sita sasa.

Kila Jumanne anakuja citoyenne Ngoyi (siku hizi 'madame' imekatazwa), wa ile nyumba wamama wanapojifunza kushona. Haleti dawa, haombi Mungu, hatoi shauri. Anakaa tu karibu na Mama, ananyamaza naye. Nilimwambia, "Mama iko na huzuni." Akajibu, "Unaiona huzuni yake." Basi! Jirani yetu anasema, "Muntu wa kusikiliza tu njo wa kupeleka maneno kwa Serikali." Na citoyenne ana daftari. Nifanye nini?

Mtoto wako, Mwadi

Kibombo, 10 Machi

Mwanangu,

Barua imefika mkononi. Kikohozi kinapungua. Mpe Mama pole.

Sikia. Mganga anatoa dawa, padri anatoa baraka, mjomba anatoa shauri. Anayepokea maneno bila kutoa kitu, anayapeleka wapi? Majina ya Kizungu yamekatazwa, nawe unajua padri alimwita mtoto jina gani kaburini, kwa sauti ya chini. Mimi ni mtu wa reli ya Serikali. Jina lile likimtoka Mama mbele ya huyo mwanamke, nitafungwa. Mfungie mlango. Barua hii uichome.

Baba yako

Kindu, 20 Machi

Baba,

Naomba barua hii ikukute mzima. Nisamehe.

Jana nilisimama mlangoni, nikasema Mama amelala. Citoyenne akasema, "Unaniogopa." Hakukasirika. Nikaona haya, nikaitika. "Basi nitakaa hapa inje," akasema, akaketi chini kwenye kizingiti.

Mama akatoka mwenyewe. Akaketi kando yake. Akasema, "Florentin. Hata na homa alikuwa anacheka."

Citoyenne akarudia polepole, "Florentin."

Mama akalia kwa sauti, Baba. Kisha akanigeukia: "Mwadi, moto umezimika, na wewe unasimama tu kama muti?"

Citoyenne aliandika. Alipokwenda kunawa, nilifungua daftari. "Mama amesema jina la mtoto wake." Jina lenyewe hakuliandika. Jirani anasema wajanja hawaandiki, wanaweka kichwani. Sijui nimwamini nani.

Mtoto wako, Mwadi

Kindu, 1 Aprili

Baba,

U mzima? Okito amepita mara mbili bila barua yako. Mama anauliza. Mimi namwangalia citoyenne usoni, sioni kitu. Nijibu, hata neno moja.

Mtoto wako

Kibombo, 5 Aprili

Mwanangu Mwadi,

Mimi mzima, natumaini nanyi pia. Hakuna aliyenikamata. Nilikuwa nawangoja. Kila mgeni aliyeshuka stesheni, nilidhani amekuja kunichukua. Labda watakuja bado.

Lakini jina lile mimi ndiye niliyelichagua, na tangu kaburini sijaweza kulisema hata peke yangu.

Nakuja na treni ya Jumatatu. Jumanne, citoyenne asiniulize kitu. Niwekeeni kiti kando ya Mama. Kama ni mtego, utunase pamoja.

Barua hii usiichome.

Baba yako, na baba wa Florentin